Kiti cha Damiani Hakitulii

Koti la marehemu lilinitosha vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Nilikuwa nimefika Lukwega asubuhi. Msiba umeshakaa, watu wamejikunyata juu ya mikeka, baridi ya Mufindi inawatoboa mpaka kwenye mifupa. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zetu waliuana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wachekane. Kwa hiyo Mhehe akifa, Mngoni haendi kulia, anaenda kuvuruga. Nikaingia kaburini, bibi mzima, kabla ya mwenyewe, nikalala chali, nikawaambia wachimbaji kaburi fupi, itabidi mzee akatwe miguu. Nikauliza kwa sauti mbwa wa kitoweo amefungwa wapi, mbona sisikii akibweka, au ameshaiva. Wazee wa Kihehe wakanijibu kwamba kwa heshima yangu wametega panya, kitoweo cha Wangoni. Basi tukaenda hivyo, tukamzika Damiani Kihwele kwa furaha kama inavyotakiwa.

Tuliporudi uwanjani nikalichukua koti lake kwenye msumari, nikalivaa, nikawa Damiani.

Damiani alikuwa na mguu mbovu wa kushoto na namna yake ya kuingia garini. Anatanguliza tako, anatulia kidogo kama anayesikiliza kama kiti kimemtukana, anauvuta mguu kwa mikono miwili, anakohoa, halafu anaegemea upande wa mlango. Niliyaiga yote ndani ya gari lake lile la kijivu lililokuwa limeegeshwa chini ya bati. Nilikuwa nimetoka kucheza ngoma, moyo unanidunda mpaka masikioni. Watu wanavunjika mbavu. Hata Melania, mjane mwenyewe, amejifunika mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika.

Kiti kikanguruma. Kikarudi nyuma, kikapanda kidogo, kikaninyanyua goti la kushoto taratibu kama nesi mwenye adabu. Taa za mbele zikawaka.

“Karibu, Damiani Kihwele,” gari likasema. “Siku nyingi. Twende wapi?”

Hakuna aliyecheka tena. Mimi mwenyewe, ambaye huwa sikosi la kusema, nilitoka mle ndani kwa mguu mzima nikiwa nimesahau kuchechemea.

*

Ngoja niwaeleze kidogo, maana kuna wenzangu ambao hawamiliki gari na hawana shida ya kujua.

Gari la siku hizi halina ufunguo. Ufunguo wake ni tako. Funguo zilikuwa zinaibwa, sura zinapakwa rangi, vidole vinakatwa, ndipo wataalamu wakagundua kwamba namna mtu anavyokaa hakuna mwingine anayeweza kuiiga. Uzito unaangukia wapi, mgongo umepinda vipi, pumzi inaingiaje, moyo unapigaje: kiti kinayajumlisha yote, kinajua ni wewe. Kisha kinaitumia Idara ya Uhai salamu kwamba bado upo. Nadhani wataalamu wale hawakuwahi kwenda msiba wenye watani.

Na gari moja lina mwili mmoja. Mwenye mwili akifa, kiti kikawa hakimpati tena, gari linasubiri arobaini ipite, halafu linajiwasha na kujipeleka lenyewe kiwandani kusagwa. Sheria iliwekwa kwa nia njema. Barabara zilikuwa zimejaa magari ya marehemu yanayozungushwa na wajomba.

Sasa shida ilikuwa figo za Melania. Zilikuwa zimegoma, na kila wiki Damiani alimpeleka mjini Mafinga kwenye mashine ya kusafisha damu, akamsubiri, akamrudisha. Basi lilishaacha kuja Lukwega. Pikipiki zilipigwa marufuku barabara kuu. Gari la wagonjwa linakuja kumbeba aliyeanguka, si anayetembea, na mtu wa figo akishaanguka mnakuwa mmechelewa. Kiti chenyewe kilimkataa Melania zamani, mumewe alishajaribu kumuandikisha badala yake. Maji yanamjaa mwilini, yanatolewa, yanajaa tena. Leo ana uzito huu, kesho ule, miguu minene leo, kesho myembamba. Kiti kikasema hawa ni wanawake wengi, hakiwezi kuwashughulikia.

Kwa hiyo watu walipoondoka msibani, mimi nikabaki. Ndugu walinitazama, wakalitazama gari, wakaenda zao. Siku ya hospitali ilipofika nikavaa koti.

Ila kiti kilikuwa kimeanza kuumwa.

Tangu siku ya mazishi kilikuwa hakitulii. Gari limezimwa, halina mtu, lakini ukipita karibu unakisikia: zzzz mbele, zzzz nyuma. Kinapanda, kinashuka. Mgongo unalala, unainuka. Mchana kutwa. Majirani wakawa wanapita upande wa pili wa njia, na katekista alijipiga ishara ya msalaba kwa haraka akijifanya anafukuza nzi.

“Kinamtafuta,” Melania akasema.

“Kinatafuta grisi,” nikamwambia. “Usinitishe, mimi nakwenda kukaa humo.”

Kilinipokea vizuri tu. Karibu Damiani, twende wapi, tukaenda, Melania amekaa nyuma na begi lake la hospitali. Tulipoingia kwenye misonobari, kiti kikatetemeka, kikanisukuma mbele. Kikanibana kwenye usukani kama mtu anayekamua nguo. Nikapiga kelele. Kikarudi nyuma mpaka nikalala chali nikiitazama paa, halafu mbele tena. Gari likajiegesha pembeni kwa adabu, likauliza, “Damiani, ni wewe?”

“Ni mimi, mshenzi wewe!” nikalijibu.

Damiani hakuwahi kutukana maishani mwake. Gari likageuza, likaturudisha nyumbani.

Mashine ikampita Melania siku ile. Kufika keshokutwa yake kandambili zilikuwa hazimpiti miguuni, na akitoka jikoni kwenda uani anasimama katikati kuivuta pumzi. Alikuwa anasema anaangalia mawingu.

*

Anifa ni fundi umeme wa magari pale Mafinga. Mwanamke mpana, kicheko chake kinatangulia, na kitambaa cha kichwani kina oili nyingi kuliko injini. Alikuja na gari lake, akashuka, akatuamkia.

“Shikamooni.”

“Marahaba,” nikaitikia. “Mgonjwa yuko kule anajikuna.”

Akaenda, akasimama na mikono kiunoni, akakitazama kiti kinavyokwenda mbele na kurudi nyuma.

“Kimeanza lini hiki?”

“Siku tulipomzika mwenyewe,” Melania akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu juu ya debe.

“Pole mama. Ila usiniambie mambo ya mzimu, nina watu wengi leo. Mzimu wa umeme mara nyingi ni waya uliochubuka.”

Akaanza na fyuzi. Akaichomoa, akaitazama juani, akairudisha. Fyuzi nzima, na ni kweli, maana kingekuwa hakina moto kisingecheza ngoma yote ile. Akapima swichi za pembeni, zile unazobonyeza kiti kikusogeze, kama kuna iliyonasa ndani ikawa inabonyea yenyewe. Hakuna. Akalala chini kwenye mkeka, kichwa chini ya kiti, kurunzi mdomoni, akaishika ile soketi kubwa ambayo nyaya zote zinapita.

“Hapa ndipo wengi wanapofia,” akasema kwa meno. “Mtu anaingia na viatu vyenye tope, maji yanashuka, soketi inaota kutu, kiti kinakuwa kichaa.”

Akaifungua. Safi. Akafuata waya wa arthi mpaka unapofungwa kwenye bodi ya gari, akaukaza, akapima. Mzima nao.

“Bibi, niletee kile kibetri changu pale.”

Nikampelekea. Akachomoa mota kwenye nyaya zake, akaipa moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kiti kikaenda mbele, laini kama kimepakwa siagi. Akageuza waya, huu hapa ule pale, kikarudi nyuma. Kikafika katikati kikakwaruza kidogo.

“Ehe!” nikasema. “Umempata.”

“Hiyo ni takataka tu kwenye reli.”

Akaingiza mkono, akatoa kiganja kimejaa. Maganda ya karanga. Akaingiza tena, akatoa mengine. Yalikuwa mengi, ya zamani na mapya, mengine yamesagika kama unga.

Melania akanyanyuka kwenye kigoda, akaja, akayachukua yale maganda akayamwaga kwenye kanga yake.

“Karanga alikatazwa na daktari,” akasema. “Mwaka mzima nampikia mlenda na mchicha bila chembe ya karanga. Ananiambia, mke wangu, tumbo limekuwa jepesi, Mungu akubariki.”

“Alikuwa anakula wapi?” Anifa akauliza.

“Nikiwa kwenye mashine.” Akayatikisa maganda. “Mimi nimelala na sindano mkononi, namuonea huruma, nasema maskini mzee amekaa nje na njaa. Kumbe mwenzangu anatafuna!”

Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia katikati, akarudi kukaa. Anifa akajifanya anatafuta bisibisi. Nami nikajifanya namsaidia kuitafuta, na ilikuwa sikioni mwake.

“Mota nzima, reli nzima, nyaya nzima,” Anifa akasema baadaye. “Basi ugonjwa uko kichwani.”

Akafungua mto wa kukalia, chini yake kuna kisanduku cheusi kidogo cha kukumbuka miili. Akachomeka kioo chake cha kupimia. Kwenye kioo ikatokea picha ya mtu aliyekaa, amechorwa kwa mistari ya kijani. Kisha picha ikarukaruka, akatokea mtu mwingine aliyekaa vilevile. Kisha yule wa kwanza. Chini yao jina moja: Damiani Kihwele.

Anifa akanitazama, akamtazama Melania.

“Nani mwingine amekaa humu?”

“Mimi,” nikasema. “Niliiga kidogo. Kiutani.”

“Ulikuwa umekimbia?”

“Nilikuwa nimetoka kucheza.”

“Basi.” Akagonga kioo kwa kidole. “Marehemu alikuwa na moyo wa kurukaruka, si ndiyo? Siku ile na wewe wako ulikuwa unarukaruka. Mkao uleule, moyo uleule, kiti kikakuandika kuwa ni yeye. Sasa ukikaa ukiwa umetulia, mkao ni wa Damiani ila moyo ni wa mtu mwingine. Kina watu wawili kwenye jina moja, na kila mmoja ana nafasi yake. Kinakwenda kwa huyu, kinasema siye. Kinakwenda kwa yule, kinasema siye. Hakiwezi kutulia mpaka kijue Damiani ni yupi.”

“Na wewe unaweza kukiambia?”

“Naweza. Kioo kinaniuliza hapa.” Akakigeuza tukione. “Nifute mmoja. Nikimfuta bibi, kinabaki cha marehemu, kitatulia kama kaburi. Nyie mtasubiri arobaini, gari litajiondokea.”

“Na ukimfuta marehemu?”

Anifa akaziba kioo kwa kiganja kama vile kinasikia.

“Hapo sijasema mimi. Fundi akikuta marehemu kwenye kiti anatakiwa atoe taarifa Idara, la sivyo wananifungia kazi. Lakini tuseme tu. Nikimfuta wa zamani, Damiani ni wewe, bibi. Kabisa kabisa. Kwenye gari hili na kwenye kila kiti chenye akili utakachokalia. Ukipanda basi kurudi kwenu Songea, basi litasema karibu Damiani. Na Osmunda Ngonyani hataonekana tena popote. Baada ya muda Idara itamuandika marehemu.”

“Benchi la kanisani je?”

“Benchi la kanisani bado halijafungwa hivyo vitu.”

“Vizuri. Mungu atanihesabu mwenyewe.” Nikavua viatu, nikaviweka kando. “Mfute.”

“Msimfute,” Melania akasema.

*

Alikuwa amesimama. Kwa miguu ile sijui aliinukaje.

“Mtani, kaa chini,” nikamwambia. “Unanichosha kukutazama.”

“Nimemzika juzi. Nimenyolewa nywele. Nimelia mpaka koo limefunga. Leo mnataka kumfufua anipeleke hospitali?”

“Nani amfufue? Mimi ndiye nitakayekufa hapa, wala hujanipa pole.”

“Osmunda, usinitanie sasa.”

“Nitakutania. Ndiyo kazi iliyonileta.”

Akaja mpaka kwenye gari, akaushika mlango. Alikuwa anahema.

“Unajua siku ile ulipokaa humo,” akasema taratibu, “gari likamwita, nilifanya nini? Nilikwenda chumbani nikamtandikia kitanda. Nikatoa shuka safi. Nimeshalitandaza ndipo nikakumbuka nimetoka kumfukia. Siogopi Idara mimi. Siogopi hata kufa, nimeshakaa na watu wengi kwenye zile mashine ambao wiki inayofuata kitanda chao kina mtu mwingine. Naogopa nitazoea. Wewe unakaa kama yeye, unakohoa kama yeye, kiti kinakuita yeye, mimi niko nyuma nakuona kisogo. Nitazoea, na nikizoea sitakuwa nimemlilia mtu yeyote.”

Anifa alikuwa ameinamia visanduku vyake vya vifaa, anavipanga vilivyokwisha kupangwa.

Nilitaka kumwambia kwamba maiti wake ameshakufa hana shida ya usafiri, na yeye ana shida. Ni kweli lakini ni ukweli wa kijinga. Nikaitazama ile miguu yake. Ngozi ilikuwa inang'aa kama nyanya.

“Kiti kinasikia maneno?” nikamuuliza Anifa.

“Hapana. Gari ndilo linasikia sauti, kwa ajili ya kuliagiza, lakini utambuzi ni mwili tu. Hata ukiimba.”

“Sawa. Melania, sikiliza. Mwili ntampa Damiani kwa sababu kiti kinautaka. Mdomo siutoi. Tukiingia kwenye gari nitakutukana kuanzia hapa mpaka Mafinga, na kuanzia Mafinga mpaka hapa. Wewe na ukoo wako na mbwa wenu na huyo bwana'ko mla karanga. Sinyamazi hata kidogo. Damiani alikuwa mtu wa maneno mengi?”

“Alikuwa akisema mawili kwa siku, unashukuru.”

“Basi utajua siye. Siku nikinyamaza, teremka.”

Akanikazia macho. Alikuwa analipima lile jambo kama mtu anayepima kitambaa, anavuta huku, anavuta kule.

“Unaapa?”

“Naapa kwa pua yako, ambayo ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote hapa Lukwega.”

Akacheka kwa pua hiyohiyo. Kisha kicheko kikakatwa na pumzi, akaegemea mlango, na ikachukua muda kabla pumzi haijarudi. Nilimuona Anifa ameacha kupanga vifaa.

“Nipe kioo,” Melania akasema. “Nitambonyeza mwenyewe. Msimbonyeze nyie.”

Anifa akafumba macho, sijui alikuwa anasali au anaiaga kazi yake, akampa. Yule mtu wa kwanza wa mistari ya kijani, mwenye goti lililonyanyuka, alikuwa amekaa pale kwenye kioo akisubiri. Melania akamgusa kwa kidole cha shahada. Akamgusa kifuani.

Kiti kikasimama. Nikasikia kuku wa jirani.

*

Siku ya kwenda, jua lilikuwa kali na baridi vilevile, ndiyo Mufindi. Nikatanguliza tako, nikatulia, nikauvuta mguu, nikaegemea mlango. Sikuhitaji kucheza ngoma tena.

“Karibu, Damiani Kihwele,” gari likasema. “Moyo wako umekuwa mzuri sana. Hongera. Idara inapenda kujua umetumia dawa gani.”

“Karanga,” nikalijibu, na nyuma Melania akapiga kiti changu kwa kofi.

Nikaanza kazi. Nilimtukana kutoka getini. Nikasema Wahehe walizaliwa wakati Mungu amechoka, akawaumba kwa udongo uliobaki kwenye kucha. Nikasema harusi yake ilikuwa na nyama tamu sana na tangu siku hiyo hakuna mbwa aliyeonekana kijijini. Naye akanirudishia. Akasema Wangoni ni watu wa mbio tu, walikimbia kutoka kusini kote wakaja kukimbilia panya. Akasema mimi nimekuwa mwanamume ukubwani na bado sipati mke. Tulipishana na magari ya mbao, watu wamelala ndani yake kama mizigo, sisi tunapiga kelele kama wendawazimu.

Ila mwili una mambo yake. Kiti kilikuwa kimefutwa mtu wa kwanza, lakini mazoea ya mtu wa kwanza yalikuwa yameshaingia kwenye wa pili. Nikijaribu kukaa kama Osmunda, kiti kinaninyanyua goti polepole. Nikinyoosha mgongo, kinaniegemeza mlangoni. Hakilazimishi. Kinanirekebisha kama mama anayemuweka mtoto sawa kwenye picha. Nilipofika hospitali nikashuka, nilichechemea mpaka kwenye benchi la nje ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyenitazama na hapakuwa na haja.

Nikamsubiri. Nilikaa muda mrefu. Mama mmoja akapita na ungo wa karanga, nikamfukuza kwa ukali usio wa lazima.

Alipotoka alikuwa mtu mpya na mtu aliyekwisha, vyote kwa pamoja, kama mashine ile inavyowafanya. Miguu imeshuka, mifupa ya usoni imetoka. Kandambili zimempita. Nesi alimshika mkono mpaka kwenye gari, akamlaza kiti cha nyuma, akaniambia, “Baba, mpeleke taratibu.” Alikuwa amesoma jina kwenye kioo cha mlango, na koti lilimdanganya kwa yaliyobaki. Nikamuaga kwa sauti yangu ya kike mpaka nesi akashangaa.

Tukatoka mjini, nikaendelea na kazi yangu. Melania alijibu mara moja, mara mbili, halafu akawa anaguna tu. Nikaongeza sauti. Nikazitukana nywele zake zilizonyolewa, nikautukana mlenda wake. Koo likanikauka. Nilikuwa nimetukana asubuhi nzima, na jamani, hata matusi yanaisha, sikuwahi kujua. Tukaingia kwenye misonobari. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na harufu ya utomvu ilikuwa inaingia kwa dirisha langu lililokuwa wazi kidogo. Nikanyamaza nimeze mate, nikisema nikimeza tu nitaendelea.

“Damiani,” Melania akasema.

Sauti ya usingizi, nyepesi, isiyo na woga wowote.

“Damiani, funga dirisha. Baridi.”

Nikamtazama kwenye kioo cha kati. Macho yamefumba. Uso wote umelegea, na tangu nilipofika Lukwega sikuwa nimewahi kuuona umelegea. Mkono wake ulikuwa umepita kati ya viti, umelishika koti pale begani, si kwa nguvu, kama unavyoshika kitu ambacho kimekuwa pale siku zote.

Jibu nilikuwa nalo. Lilishafika kwenye ulimi, la pua yake na la mbwa wa harusi, lingemuamsha na kumchekesha na kumuudhi, na niliapa. Ningelisema angejua ni mimi. Na angejua pia kwamba ameshazoea, safari ya kwanza tu, kabla hata hatujafika nyumbani.

Kiti kikanguruma kidogo, kikaniweka sawa.

Nikafunga dirisha.